Mrudishieni bi mkubwa ng'onda wake: chumvi, kalisiamu na mifupa ya wanawake

Swali: Assalaamu alaikum. Nakuandikia kutoka Wete. Nina miaka 51, hedhi imenikatika mwaka wa pili huu. Mwezi wa Rajabu mama yangu, mwenye miaka 76, aliteleza uani akavunjika kifundo cha mkono. Kaka yangu aliyeko Unguja kasoma kwamba chumvi inakula mifupa ya wanawake, akaamrisha ng'onda na dagaa visiingie tena nyumbani. Sasa mama anakula wali na mchuzi wa nyanya tu, chakula kinamshinda, na nguo zinamlegea. Je, ni kweli chumvi inakula mifupa? Na mimi nifanye nini nisije nikafika alipofika yeye? Watu wananambia ninunue vidonge vya kalisiamu. Mama mwenyewe anasema chokaa ya tambuu inamtosha.

Jibu: Waalaikumu salamu dada yangu, na pole na uuguzaji. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikaa moyoni ni zile nguo zinazomlegea mama. Kwa hivyo kabla sijaeleza lolote nasema: mrudishieni samaki wake. Mfupa si jiwe tupu. Ni wavu wa protini uliojazwa madini, na mzee anayeunga mfupa akinyimwa samaki, asipewe kingine cha kushika nafasi yake, anakosa cha kufumia wavu huo. Akikonda, nyama ya mapaja nayo hupungua, na mwenye mapaja dhaifu ndiye anayeanguka mara ya pili. Kaka yako ana uchungu na mama yake, na khabari aliyoipata ina ukweli ndani yake. Ila ameishika upande mmoja.

Ukweli wenyewe ni huu. Chumvi ya chakula, asilimia 40 hivi ni sodiamu. Sodiamu ikizidi mwilini, figo ndiyo yenye kazi ya kuitoa. Ndani ya mirija myembamba ya figo, sodiamu na kalisiamu husafiri kama abiria wa boti moja: sodiamu ikirudishwa kwenye damu, kalisiamu hurudi nayo, sodiamu ikiachwa iende na mkojo, kalisiamu nayo hupitiliza. Waliopima mikojo ya watu kwa miaka mingi wamefika kwenye kadirio hili: kila gramu 6 za chumvi zinazotoka kwa njia ya figo, ambazo ni kama kijiko cha chai kilichosawazishwa, huondoka na miligramu 40 hivi za kalisiamu.

Miligramu 40 ni kidogo sana, hazijai hata kwenye ncha ya kisu. Lakini zihesabu kwa mwaka: ni karibu gramu 15. Mifupa yote ya mwanamke mzima ina kalisiamu isiyozidi kilo moja hivi. Kama hizo gramu 15 zingekuwa zinatoka mifupani kila mwaka bila ya kurudishwa, ungekuwa unapoteza asilimia 1 na nusu ya mifupa yako kwa mwaka, kwa sababu ya kijiko kimoja cha chai.

Nimesema "kama", na jibu lote limelala hapo. Damu haivumilii kalisiamu ishuke, maana moyo, misuli na mishipa ya fahamu haifanyi kazi bila ya madini hayo. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nne, kila moja kadiri ya punje ya mchele. Zikihisi kalisiamu inapungua kwenye damu hutoa homoni inayoamrisha mambo matatu: figo ishike kalisiamu kwa nguvu zaidi, utumbo uvute zaidi kutoka kwenye chakula, na mifupa itoe akiba. Msichana wa miaka 20 akila chumvi nyingi, utumbo wake huitikia amri hiyo vizuri, ukavuta zaidi, na mifupa hulipa kidogo au hailipi kabisa. Mwanamke aliyekatikiwa na hedhi hana estrojeni, homoni ya kike, ya kutosha, na estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiulinda mfupa na kuusaidia utumbo. Kwake utumbo huitikia kwa uvivu, na deni hubaki kwa mifupa. Tena miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukatika, mifupa hupungua kwa asilimia 1 hadi 2 kila mwaka hata bila ya chumvi kuongeza lake. Wewe, dada yangu, umo ndani ya miaka hiyohiyo. Kwa hivyo ingawa aliyevunjika ni mama, barua hii ni yako zaidi.

Je, imeshaonekana kwa wanawake wenyewe, au ni hesabu za karatasi? Imeonekana, lakini si kila mahali. Mwaka 1995 watafiti wa Perth, Australia, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 124 waliokatikiwa na hedhi kwa miaka 2. Waliokuwa wakitoa sodiamu nyingi kwenye mkojo walipoteza zaidi mfupa wa nyonga. Watafiti wakakadiria kwamba kupunguza sodiamu kwa nusu kungeweza kumfaa mwanamke sawasawa na kumwongezea miligramu 891 za kalisiamu kila siku. Ni kiasi kikubwa hicho, ni kama gilasi tatu za maziwa. Lakini mwaka 2016 ukatoka uchunguzi wa Marekani, wanawake karibu 70,000 wa umri wetu huu, na humo chumvi haikuonekana kuongeza kuvunjika mifupa.

Kwa maoni yangu hizi mbili hazigombani. Chumvi kule Marekani ilikadiriwa kwa kuwauliza watu wanakula nini, na hakuna kitu mtu anakikosea kukihesabu kama chumvi. Zaidi ya hilo, mwanamke anayekunywa maziwa na kula jibini kila siku ana kalisiamu ya kutosha kufidia inayovuja. Mwanamke wa kwetu anayekula wali mweupe, mchuzi wa tui na kipande cha samaki mkubwa asiye na mfupa wa kutafunika, akamalizia kwa chai ya rangi, anaweza kupitisha siku nzima bila ya kufikia hata theluthi ya kalisiamu anayohitaji. Huyo ndiye anayeumizwa na chumvi. Kwa hivyo jibu langu kwa kaka yako ni hili: chumvi inavujisha kalisiamu, na mifupa hulipa pale ambapo chakula hakijazi kilichovuja. Nyinyi mmeziba tundu, na papo hapo mkamnyang'anya mama kitu kilichokuwa kikimjazia.

Sasa tuingie jikoni.

Ng'onda mshike mkononi mumtazame. Ule weupe unaong'ara kwenye ngozi na kwenye mikato ya kisu ni chumvi yenyewe, imekauka ikawa kama vumbi la kioo. Samaki wa chumvi wa nchi za baridi, ambao wamepimwa sana, hukutwa na gramu 17 hivi za chumvi katika kila gramu 100 za samaki mkavu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Kipande cha ng'onda kilichotoka juani kikaingia moja kwa moja mchuzini kinaweza kuimaliza posho yote hiyo peke yake, na bado mpishi anatia chumvi juu yake!

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiroweka ng'onda tangu usiku. Alfajiri humwaga maji yale, akayabadili, na kabla ya kupika akabadili tena. Maji ya kwanza yakimwagwa huwa mazito, ukilamba kidole unadhani umechota baharini. Ya tatu yana ladha ya samaki tu. Siku hizi watu wana haraka, wanamsuuza mara moja wakamtia. Rejesheni maji matatu, papa mkavu naye afanyiwe hivyohivyo, na mchuzi wake usitiwe chumvi mpaka mtu aonje. Hapo mama atatowelea ng'onda wake mara mbili kwa wiki bila ya khofu.

Dagaa ndio nisingependa kabisa watoke nyumbani kwenu. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mfupa, na mfupa ule ndio kalisiamu yenyewe. Fungu dogo la dagaa wakavu, la kujaa kiganja, linaweza kutoa kalisiamu kama ya gilasi ya maziwa au zaidi. Kasoro yao ni kwamba dagaa wetu wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Basi watieni maji ya moto, waacheni robo saa, mwageni, kisha waoshwe tena. Mfupa haupotei kwa kuoshwa. Kama mama meno yanamsumbua, wakaangeni wakauke, wapondwe kwenye kinu, unga wake unyunyizwe kwenye mchuzi wa kunde au kwenye uji wa chumvi kidogo. Sadini wa kopo nao hufaa wakiliwa na mifupa yao laini: gramu 100 zina miligramu 380 hivi.

Mwanamke wa umri wako, na wa mama, anahitaji miligramu 1,200 hivi kwa siku kwa makadirio ya Marekani. Uingereza wao hutosheka na 700. Mimi huwaambia wanawake wetu wasishuke chini ya hiyo 700 na wajitahidi kuikaribia 1,000. Gilasi ya maziwa au ya mtindi ina miligramu 300 hivi. Maziwa ya unga yaliyokorogwa barabara ni sawasawa na mabichi, na hayo mabichi yachemsheni, kwani ng'ombe ana maradhi yanayompata binadamu kwa njia ya maziwa. Mtu tumbo linalomsokota kwa maziwa mara nyingi mtindi humkubali. Kwa Ramadhani, kikombe cha mtindi wakati wa daku kina faida mara mbili, kwani daku ya vitu vya chumvi humtesa mtu kwa kiu mpaka magharibi.

Mchicha uleni kwa faida zake nyingine, lakini msiuhesabu sana kwa mifupa. Una kalisiamu nyingi, ila una na asidi ya oksaliki inayoifunga kalisiamu hiyo isifyonzwe na utumbo. Sukuma wiki haina taabu hiyo. Ufuta nao ni tajiri, lakini ule uliopakwa juu ya mkate wa ufuta ni kidogo mno kuleta tofauti; usageni, muutie kwa vijiko.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana, nami nalipenda kwa sababu liko mashambani kwetu. Mwaka 2002 huko California wanawake 60 waliokatikiwa na hedhi walilishwa kwanza chakula chenye gramu 5 hivi za chumvi kwa siku, kisha wakapandishwa mpaka gramu 13. Nusu yao walipewa pamoja na chumvi hiyo dawa ya potasiamu, nusu wakapewa dawa ya bandia, yaani kidonge kitupu cha kulinganishia. Waliopewa ya bandia, kalisiamu kwenye mkojo ilipanda kwa miligramu 42 kwa siku. Waliopewa potasiamu haikupanda. Ilikuwa dawa, si chakula, lakini potasiamu ya namna hiyo ndiyo inayopatikana kwenye matunda, mizizi na majani. Sasa fikiria futari ya Pemba: muhogo wa nazi, majimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi za kupika, shelisheli lililochomwa, dafu baada ya kula. Vyote hivyo vimejaa potasiamu. Wali mweupe na boflo havina ya kusema. Inaniuma kusikia mtu anaita muhogo na shelisheli chakula cha dhiki, kisha anakwenda kununua boflo, ambalo lenyewe limetiwa chumvi. Mfanyie mama futari hizo hata isipokuwa Ramadhani, na zipikwe kwenye tui lake, maji yasimwagwe. Tahadhari moja: mwenye maradhi ya figo asiongeze vyakula hivi mpaka daktari wake amruhusu.

Kama unataka kujua nyumba yenu inakula chumvi kiasi gani, usihangaike na mizani. Andika tarehe juu ya paketi siku unayoifungua. Nyumba ya watu 6, kila mmoja kwa gramu 5, inatumia gramu 30 kwa siku, kwa hivyo paketi ya gramu 500 ingedumu siku 16 au 17. Lakini nyinyi mnapata chumvi nyingine kwenye boflo, ng'onda, achari, urojo na tambi za paketi zenye kifuko cha kiungo. Basi paketi ikidumu wiki tatu na nusu au nne, mko pazuri. Ikiisha kwa siku 10, mmeshajua. Na iwe chumvi yenye madini joto. Chumvi ya mashamba yetu ya pwani ambayo haikutiwa madini joto ina sodiamu ileile na inakunyima kinga ya rovu.

Kuhusu vidonge vya kalisiamu, usikimbilie. Hesabu kwanza siku yako: dagaa kiganja kimoja na mtindi gilasi mbili vimeshakupa sehemu kubwa. Kikibaki pengo, kidonge cha miligramu 500 pamoja na chakula kinatosha. Utumbo haufyonzi vizuri zaidi ya hapo kwa mara moja. Usikimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, maana huzuiana. Na kama umewahi kupata mawe ya figo, muulize daktari kabla. Kalisiamu ya chakula haina khatari hiyo, ila chumvi nyingi inayo, kwa sababu ileile ya kusukuma kalisiamu kwenye mkojo.

Chokaa ya tambuu. Mwambie bi mkubwa kwa adabu zote kwamba chokaa kweli ni madini ya kalisiamu, hakukosea. Lakini haiendi peke yake. Popoo imethibitishwa kuleta saratani ya kinywa hata bila ya tumbaku, na chokaa huchubua ngozi ya ndani ya shavu ikairahisishia njia. Najua tambuu ni heshima ya barazani na ni mazoea ya miaka 50, siwezi kuyavunja kwa barua. Ninachoomba asiihesabu kuwa ni dawa ya mifupa.

Kalisiamu yote hii haifyonzwi vizuri bila ya vitamini D, nayo hutengenezwa na ngozi iliyopigwa na jua. Jua tunalo mwaka mzima, lakini tukitoka tumejisitiri, kama inavyotupasa, na weusi wa ngozi nao hutaka muda zaidi. Ua wa nyumba ndio jawabu. Mtoe mama uani, mikono na miguu wazi, nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki. Jua la asubuhi sana ambalo tumezoea kulisifu halina miale inayotakiwa. Saa ya kufaa ni pale kivuli chake kinapokuwa kifupi kuliko yeye, kuanzia saa nne na kitu hivi. Akae mpaka ngozi ipate joto, asikae mpaka iungue. Vibua na jodari nao wana vitamini hiyo.

Hukunambia kama mna presha nyumbani. Iwapo mama anameza vidonge vya presha vya kukojoza, zitazameni paketi. Kundi la haidroklorothiazaidi na bendrofluazaidi huizuia kalisiamu isitoke kwenye mkojo, frusemaidi huitoa. Msibadilishe wala kuacha dawa yoyote kwa sababu yangu, ila mtajieni daktari, hasa kabla ya kuanza vidonge vya kalisiamu.

Na kwa daktari ni lazima mrudi, hata kama plasta imeshatolewa na mkono unafunga kanga vizuri. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama, kwa mtu wa miaka 76, ni alama ya mifupa dhaifu mpaka ithibitike vingine. Mwambieni hivyo daktari, mumuulize juu ya kipimo cha DEXA, picha ya kupima mifupa imejaa madini kiasi gani, na juu ya dawa za kuzuia mfupa usiendelee kupungua, kwani dawa zipo na chakula peke yake hakifanyi kazi yao. Mpimeni kimo. Kama amefupika kwa vidole viwili au vitatu kuliko alivyokuwa, au mgongo unamuuma katikati, mseme na hilo. Huko nyumbani sugueni ukoga wa uani, mkeka wenye ncha iliyokunjuka uondoke mlangoni, na njia ya kwenda chooni usiku iwe na taa. Kifundo cha mkono kinaunga. Nyonga ikivunjika kwa umri ule ni shida ya namna nyingine, na ndiyo tunayoikimbia.

Wewe nenda kwa miguu, beba, panda, chuma karafuu msimu ukifika. Mfupa hukazika unapobebeshwa. Na binti zako, kama unao, wape maziwa na dagaa sasa, maana mfupa hujengwa mpaka karibu na miaka 30, baada ya hapo ni kuutunza tu.

Leo usiku roweka ng'onda. Kesho ubadili maji mara mbili, umpike kwa tui jepesi na bamia, umtilie mama na kipande cha muhogo. Akionja akasema hakukolea, usinyanyue chumvi. Mkamulie ndimu na umpondee pilipili mbichi kidogo, kisha umwache ale.